Lorna na Kumi na Sita Zake

Lorna Haugen aliendesha basi la shule hapa Sparks mpaka akastaafu, na kama kuna mtu asiyemvumilia ni yule anayebahatisha. Majira ya baridi yaliyopita aliamua kujifunza mchezo wa karata wa ishirini na moja, ule wa kushindana na mgawaji kuikaribia hesabu hiyo bila kuivuka, jinsi unavyotakiwa kuchezwa. Alinunua kile kikaratasi kigumu cha maelekezo, kinachokuambia lini uchukue karata na lini utulie, akakaa nacho jikoni mpaka theluji ikayeyuka. Mumewe Virgil, fundi bomba mstaafu, ndiye aliyekuwa akimgawia karata, huku akipiga miayo.

"Hicho hakitakutajirisha," Virgil alimwambia.

"Najua. Kitanifanya nisiliwe haraka. Gawa karata."

Jumamosi moja asubuhi nikawapeleka kwenye nyumba ya kamari, mji jirani wa Reno, kwa gari langu, maana mimi ni jirani yao. Tulikula mayai na nyama ya kukaanga, kisha tukaketi kwenye meza ya mgawaji aitwaye Teresita. Lorna alipata kiti cha mwisho, kile ambacho wewe ukishachukua yako, karata inayofuata ni ya mgawaji.

Akajikuta na kumi na sita, na karata ya Teresita iliyo wazi ni kumi. Ni karata mbaya vyovyote utakavyofanya, ila maelekezo yanasema chukua, utapoteza mara chache kidogo. Lorna akagonga meza kwa kidole, kuomba karata. Akaja mfalme, ambaye huhesabiwa kumi; Lorna akavuka ishirini na moja, akaliwa. Teresita akafunua karata yake iliyofichwa: sita. Akavuta nyingine, kama sheria inavyomlazimu: tano. Ishirini na moja kamili! Meza nzima tukaliwa.

"We mama, we!" akafoka dereva mmoja wa malori aliyekaa katikati. "Ungetulia, mfalme angemwangukia yeye, angevuka. Tungekula sote!"

"Na nani alijua anakuja mfalme? Wewe unaona karata ikiwa imefunikwa?"

"Mtu mwenye akili haongezi karata kwenye kumi na sita."

"Ingetangulia ile tano mngenibeba mabegani!"

Lorna akamgeukia mumewe amtetee. Virgil akajikuna shingo. "Lakini kweli, mke wangu... ungetulia tu."

Niliona uso wa Lorna ukiiva.

Mzunguko uliofuata, Virgil akapewa karata mbili za kumi. Teresita anaonyesha sita. Ishirini mkononi, mtu unatulia unamshukuru Mungu. Virgil akasukuma dau la pili na kuzitenganisha, kila kumi ichezwe peke yake.

"Virgil, usithubutu."

"Goti linaniwasha. Likiwasha hivi huwa nakula."

Kumi ya kwanza ikapata nne, ya pili ikapata mbili. Takataka tupu. Teresita akafunua kumi, akavuta tisa, akavuka. Virgil akalipwa mara mbili. Dereva wa malori akamkumbatia. "Huyu ndiye anayejua mchezo!"

Lorna akakusanya vibao vyake vya dau, akaondoka. Tulimkuta kwenye maegesho, ameegemea gari langu, mikono kifuani.

"Si nimeshinda lakini?" Virgil akasema.

"Ukivuka barabara kuu umefumba macho ukafika ng'ambo, utaniambia macho hayana kazi?"

"Mbona unakasirika? Ni mchezo tu."

"Miezi mitatu umenigawia karata, Virgil! Miezi mitatu! Ulikuwa unaangalia nini?"

"Televisheni," akasema, na masikini hakuwa anatania.

Tukarudi Sparks, Lorna mbele nami, Virgil peke yake nyuma.

Bado wanakwenda, ila sasa kila mmoja na meza yake, na Lorna hakai tena kiti cha mwisho. Goti lilimpa Virgil ushindi mwingine mara mbili tatu, kisha likamkausha mfuko. Hajakubali kosa hata leo. Anasema hali ya hewa imebadilika. Juzi nilimkuta Lorna uani, nikamuuliza kama hajakata tamaa ya kumfundisha.

"Nimekata," akasema. Halafu akageukia dirisha la jikoni na kupaza sauti: "Virgil! Ukipata nane mbili unafanyaje?"

Kikaratasi kina jibu moja tu siku zote: zitenganishe. "Inategemea!"

Lorna akafumba macho.