Vidonge Viliisha, Mama Mkwe Akaja

Mwaka ule Kampala ilikosa sukari kwanza, halafu sabuni, halafu chumvi, halafu vidonge vyangu. Sukari watu waliililia mpaka barabarani. Vidonge nilivililia peke yangu, maana mwanamke gani wa kambini angesimama kwenye foleni apige kelele kwamba amekosa dawa ya kutozaa?

Tulikaa Naguru, kambi ya polisi, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele ya pazia viti viwili na sigiri ya makaa. Nyuma ya pazia kitanda, na binti zetu wawili kwenye mkeka. Bwana yangu ni konstebo, mtu wa kaskazini, kule juu karibu na Sudani. Mimi Mganda, mtoto wa Nateete, hapohapo Kampala. Kiganda chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu, na mimi lugha yao hata salamu ilinishinda, kwa hiyo tulitongozana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili hichohicho.

Binti wa pili nilimzaa vibaya. Damu ilitoka mpaka nikabebwa kwa machela, taa za dari nikaziona zinakuwa ndogo, ndogo, kama zinaondoka. Nilipozinduka, daktari alikuwa anamwambia bwana yangu, "Huyu apumzike miaka kadhaa. Akishika mimba nyingine sasa, hawa watoto utawalea peke yako." Bwana yangu akajibu, "Ndiyo, afande," visigino pamoja. Daktari hakuwa afande. Lakini mtu akiogopa sana anapiga saluti hata kwa mlango.

Basi nikapewa vidonge kwenye kliniki moja mjini. Asubuhi kimoja, na chai. Nilivipenda! Mwezi wangu ulishika adabu: unakuja siku yake, unakaa kidogo, unaaga. Halafu daktari wa kliniki ile, mama wa Kihindi mpole, akafukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, mlango ukapigwa kufuli. Nikahangaika kwenye maduka ya dawa mpaka muuzaji wa mwisho akanifungulia kabati lake nione mwenyewe. "Tazama, nyabo, bibi yangu. Hata aspirini sina. Nauza vumbi."

Kulikuwa na mama Mkongomani akipitisha vitenge nyumba kwa nyumba. Akaniletea vidonge vyeupe vya magendo, akaapa kwa Bikira kwamba kwao wanawake wote wanatumia hivyo. Nikameza. Vichungu! Baada ya siku chache masikio yakaanza kulia ngiii, ndipo nikaukumbuka uchungu ule: ilikuwa kwinini, ile ya malaria tuliyomezeshwa utotoni. Mbu walinikoma mwezi ule. Ila bwana yangu si mbu.

Nikaacha kila kitu, nikangoja mwezi wangu wa zamani urudi, ule wa kabla sijaolewa. Haukurudi. Mwezi mzima ukapita, mwingine ukaanza. Asubuhi naamka, nachungulia, hakuna kitu. Nilikuwa nahesabu mpaka hesabu zinanichanganya. Mimi shule yangu ni ya msingi tu, lakini hata profesa angechanganyikiwa: ni mimba, au ni mwili unajisahau tu baada ya vidonge?

Na kambini hakuna siri. Kila mstari wa nyumba una kamba moja ya kuanikia, na wanawake wanaisoma kamba ile kuliko gazeti. Vitambaa vya mwezi tunavianika chini ya leso, ndiyo, lakini leso inayokaa kambani jua zima bila kuguswa kila mtu anajua imefunika nini. Leso zangu mimi zilikuwa zinakauka upesi na kuondoka.

Mke wa sajini akaniuliza bombani, "Mwenzetu, tunangoja kijana?"

"Tunangoja sabuni," nikamjibu.

Maneno yakafika kwa bwana yangu, naye badala ya kuogopa akafurahi! Wenzake walikuwa wanamchokoza siku zote, "Afande, wewe unazaa wapishi tu, polisi atatoka wapi?" Nikamkumbusha daktari. Akacheka kidogo, "Daktari si Mungu, mama watoto. Mungu akitoa, nani atarudisha?"

"Mungu hakubebwa kwa machela," nikasema. Akavaa kofia akaenda zamu.

Wiki iliyofuata lori la polisi likafika kutoka Arua, na juu ya magunia amekaa mama yake. Ana simsim, ana asali kwenye debe, ana kuku jike kwapani. Moyo wangu ukaanguka ndani ya buti, na sina buti. Bibi huyu ana mwana mmoja tu wa kiume aliyebaki, na mwana huyo amepata wasichana wawili. Nilijua kilichomleta.

Sasa, kwao kuna mwiko. Mama halali chini ya paa ambapo mwanawe amelala na mkewe. Pazia halisaidii, hata ukuta hausaidii. Mama akiingia, mwana anatoka. Bwana yangu akakunja blanketi lake, akashuka kwenye bweni la makapera, na mama mkwe akachukua upande wake wa kitanda. Mrefu, mwembamba, magoti kama mawe, na anakoroma kama Landrova inapanda kilima cha Naguru na gia ya kwanza. Nikasema haidhuru, huwa anakaa wiki mbili tu, muhogo wake unamngoja.

Asubuhi moja nikaamka nimelowa. Mwezi umekuja, na haukuja kwa adabu ya vidonge. Ulikuja kama bomba limepasuka, na shuka imechafuka mpaka upande wake yeye. Nikaganda. Akaamka, akatazama shuka, akanitazama mimi. Nikangoja uso wake uanguke, maana damu ile ilikuwa inamwambia hakuna mjukuu.

"Imekuja?" akauliza.

"Imekuja, Mama. Nisamehe shuka."

Akajipiga paja, paa! "Mungu mkubwa!"

Nikafikiri hajaelewa. Pamba mjini hakuna, vitambaa vyangu vya zamani vilishaisha, na nilikuwa nimebana miguu kama mtoto. Yeye akafungua furushi lake, akatoa leso mpya, nyekundu, yenye maua ya njano, haijaguswa maji. Akaing'ata pindo kwa meno, akaipasua vipande.

"Mama! Hiyo si ya kanisani?"

"Mungu nitamuendea na ile mzee. Yeye najua mimi."

Kiswahili chake alikiokota kwa marehemu mumewe, askari wa wakati wa Mwingereza, kwa hiyo hata akikuhurumia unasikia kama amri. "Lala. Kunywa. Geuka." Shuka akaifua mwenyewe kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, kwa kuwa sabuni hakuna, ikatoka safi. Kisha akavianika vile vipande vyekundu juu ya leso zote, mbele ya kamba nzima. Mke wa sajini akasimama akatazama. Mama mkwe akamsalimia vizuri sana.

Mwezi ule ulikaa, ukaondoka, ukarudi kabla sijapumua. Ulikuwa kama askari aliyelewa, hajui zamu yake inaanza lini wala inaisha lini. Nasema hivyo kwa sauti ndogo, maana askari wana masikio.

Wiki mbili zikaisha. Bwana yangu akaja mbio na habari njema, "Mama, kesho kuna lori la Arua."

"Goti," akasema mama, akalishika.

"Goti gani, Mama? Leo umebeba debe la maji kutoka bombani!"

"Ndiyo sababu nauma."

Lori jingine likapatikana. Mara hii kuku anaatamia, hawezi kusafirishwa. La tatu, mama aliota ndoto juu ya lori. Ndoto gani? "Mbaya," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Bwana yangu alikuwa anakuja kula mchana, anakiangalia kitanda kama watu walivyoangalia duka lililofungwa. Wenzake wakampata: "Afande, tumesikia mama yako amekutia lokapu!"

Mimi mwenyewe nikachoka kukisia. Siku moja tunamenya matoke, nikamuuliza wazi, "Mama, unangoja nini kwetu? Mtoto?"

Akaweka kisu chini.

"Wewe nafikiri mimi nakuja taka mtoto?" Akatikisa kichwa. "Sikia. Ile siku wewe natoka damu hospitali, baadaye mwanangu alikuja nyumbani. Mkubwa hivi, na buti yake. Analia. Anasema, Mama, nilijua bibi yangu amekufa. Sasa juzi yule polisi wa lori nasema, bi mkubwa, kijana yako nafurahi sana, nangoja mtoto mwingine. Mimi nasema, eh! Huyu amesahau. Basi mimi nakwenda kulala kwa kitanda yake mpaka yeye nakumbuka."

Nilibaki na ndizi mkononi. Wiki zote zile nilikuwa nampikia kwa woga, nikamhesabu adui, naye alikuwa amelala katikati ya mimi na kaburi, anakoroma.

"Na muhogo wako, Mama?"

"Muhogo nangoja. Tumbo hapana ngoja." Akachukua kisu. "Lakini mimi ni mzee, siwezi kulala hapa miaka. Tafuta dawa."

Mimi nimejua watu jasiri, nimejua mpaka polisi waliokamata mwizi mwenye bunduki. Sijamwona mtu mwingine aliyepanda juu ya magunia siku mbili kwenda kuzuia kitu ambacho kijiji chake kizima kingempongeza kwacho.

Tukaenda hospitali kubwa, mimi na yeye. Nesi alikuwa mama mnene mwenye haraka. Vidonge? Hakuna, wala hajui vitakuja lini. Sindano? Ikipatikana, lakini kwa mwezi wangu huu unaozurura itauchanganya zaidi. Kuhesabu siku?

"Unaujua mwezi wako unakuja lini?"

"Nesi, hata wenyewe haujijui."

Akacheka. Mpira wa bwana? Huo unategemea bwana akumbuke kila mara, na mama mkwe akajibu kabla yangu, "Hapana! Huyo nasahau." Ikabaki koili, kidude cha plastiki kinachowekwa ndani ya tumbo la uzazi na kukaa miaka. Zimebaki chache, nesi akasema. Nikaogopa, maana kambini walisema inapanda mpaka kwenye moyo.

"Inapanda na nini, nyabo? Haina miguu."

Akanieleza ukweli pia: mwezi utakuwa mzito kuliko wa vidonge, tumbo litakata, kwa hiyo nile vitu vya kuongeza damu, dodo, yaani mchicha, na maini nikiyapata. Nikapima moyoni. Vidonge vilikuwa rafiki mzuri, lakini rafiki anayetegemea duka wakati maduka hayana kitu, huyo si wa kumwekea roho yako. Nikasema nataka koili.

"Vizuri. Bwana aje aseme ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Bila hiyo siweki."

Tukarudi nyumbani. Hapo ndipo kila kitu kilipokwama: kwenye mdomo wa mtu anayetaka kijana.

Alipokuja kula, mama yake alimwachia amalize ugali. Kisha akamwambia yote, kwa Kiswahili, nisikie.

"Na kijana?" akauliza bwana yangu.

"Kijana nangoja. Nani alikwambia naoza?" Akamsogelea. "Lakini sasa chagua. Koili, au mimi. Mmoja nabaki hapa na bibi yako."

Bwana yangu akacheka mpaka maji yakampalia. Nikampiga mgongoni. Alipopata pumzi alikuwa hacheki tena, amenitazama kama siku nyingi hajaniona.

"Ile siku nilikuwa nje ya mlango," akasema taratibu. "Walitoa ndoo. Nikafikiri ni maji ya kupigia deki." Akaisogeza sahani. "Sitaki kukumbuka, ndiyo maana nasahau."

"Kumbuka tu," mama yake akasema. Lakini safari hii haikuwa amri.

Kesho yake akaja hospitali moja kwa moja kutoka zamu, na unifomu yake yote. Wakati ule unifomu ikiingia mahali, watu wanaacha kupumua. Foleni ya akina mama ikapasuka katikati, mmoja akaficha kikapu chake. Nesi akasimama, kalamu mkononi. Bwana yangu akavua kofia, akaibana kwapani, akasema kwa sauti ya kutoa ripoti:

"Nimekuja kusema ndiyo."

"Ndiyo kwa nini, afande?" nesi akauliza.

"Kwa bibi yangu. Hicho anachotaka, mpe."

Kicheko kilichotoka kwenye foleni ile nilikisikia mpaka nyuma ya pazia nilikokuwa nimelala nikichungulia, nimemshika mama mkwe mkono. Koili ilipowekwa iliuma, sidanganyi, ilifinya kama koleo, na nilimfinya yeye vilevile. Hakutoa mkono.

Hakuondoka siku hiyo wala wiki hiyo. Alingoja mwezi uje kwanza, na ulipokuja, mzito kweli, tumbo linakata kama nesi alivyosema, aliupokea kama mgeni anayejulikana. Akanipikia maini. Akauliza, "Naogopa?" Nikamwambia siogopi, naumwa tu. Akasema basi, kuuma ni kazi ya mwezi.

Asubuhi ya lori nusu ya kambi ilitoka kumuaga. Bwana yangu alibeba furushi, na blanketi lake mwenyewe lilikuwa tayari limerudi nyumbani tangu alfajiri, mtu asidhani hana haraka. Mama akapanda juu ya magunia, akajiweka sawa, halafu akaniita mbele ya makonstebo wote:

"Wewe! Kama ile kitu nasumbua, ita mimi. Nakuja kulala tena!"

"Haitasumbua, Mama!" akajibu bwana yangu, na dereva akawasha gari huku anafuta machozi ya kucheka.