Kofia ya gofu niliyokataa kuivua siku ya posa ya mwanangu, Gisenyi

Wakuu, salamu kwenu nyote mnaopita humu.

Kama ningepewa nafasi ya kurudi nyuma nikatae kitu kimoja tu, ningekataa kofia. Si mke, si safari, si kazi. Kofia.

Ninayoandika ni kweli tupu. Mtacheka, na ruhusa mnayo. Mimi mwenyewe na uzee huu bado najifunza kuicheka habari hii.

Ilikuwa Gisenyi, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumerudi kutoka Karagwe, Tanzania, mimi na Emanueli, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea tangu hajaota meno. Aliniita Baba, na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo.

Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli moja ya ziwani. Nyasi zake zilishuka hadi kwenye maji, na mgeni mmoja alikuwa ameacha seti ya fimbo za gofu asirudi kuzichukua. Basi tukaanza kucheza, mimi na Steven, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda, mtu wa Kiingereza kingi na suruali zenye mifuko mingi.

Mashimo yetu yalikuwa makopo ya maziwa ya unga tuliyoyafukia. Mipira mingi iliishia Ziwa Kivu. Nadhani samaki wa pale wameshaujua mchezo.

Niliupenda mchezo ule vibaya sana. Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja: nikipiga, nainua kichwa kabla mpira haujaondoka, nataka kuona unakwenda wapi. Wachezaji mnajua, ukiinua kichwa swing yote, yaani pigo zima, imeharibika.

Siku moja Steven akarudi kutoka Kampala na gadget. Kofia ya kawaida kwa nje, ndani imeshonewa kisanduku kidogo cha betri. Kichwa kikitulia, iko kimya. Ukikiinua au kukiinamisha, inalia pi, pi, pi mpaka ukirudishe mahali pake.

"Keep it on, mzee," akaniambia. "Kula nayo, tembea nayo. Ukiivua, shingo inasahau."

Sijui maneno hayo aliyatoa wapi. Kwenye karatasi ya maelekezo hayakuwepo, niliisoma baadaye.

Lakini niliipokea. Jumapili ile tulikuwa na mechi na meneja wa hoteli moja ya Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, bwana aliyekuwa akituita wachunga mbuzi. Nilitaka kumshinda kuliko nilivyotaka chakula.

Nikavaa. Nikatembea Gisenyi kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji isiyoonekana. Sokoni walinipisha. Padri alidhani nimeteguka shingo, akaniombea palepale barabarani.

Sasa Jumamosi, kesho yake ndiyo mechi, ilikuwa gusaba ya Emanueli.

Kwa wasiojua: kwetu kwenda kumwomba binti ni kama maigizo yenye sheria kali. Msemaji wa upande wa binti anajifanya hawajui, anawatuhumu, anawakatalia. Msemaji wa kijana anajishusha, anainama, anaomba mpaka wamkubalie. Kazi yote ni unyenyekevu. Ukionyesha kiburi, utani unakwisha na kukataliwa kunakuwa kwa kweli.

Msemaji wa Emanueli nilikuwa mimi.

Langoni kwao binti, mtaa wa Mbugangari, Emanueli akanisogelea. Suti ya kuazima, jasho linamtiririka.

"Baba, vua kofia."

Nikamjibu nitaivua baada ya mechi.

Tukaingia. Upande wa binti ulikuwa na ndugu wengi wa Goma, na msemaji wao alikuwa mmoja wa hao, Papa Furaha, mzee mnene mwenye ulimi mwepesi. Nikawasalimia nimenyooka kama nguzo ya umeme. Watu wakatazamana.

"Bon," akasema Papa Furaha. "Huyu muzee anakuja kuomba binti, ao anakuja kupima paa ya nyumba?"

Wakacheka. Huo bado ulikuwa utani. Nikaomba kwa maneno mazuri niliyoyaandaa, ila macho yangu yalipita juu ya vichwa vyao, maana shingo haishuki.

Kisha ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake. Wazee wa pande mbili hunywa wakiwa wameinama juu ya mtungi mmoja. Hapo ndipo mnapokuwa ndugu.

Papa Furaha akainama. Wengine wakainama. Mimi nikabaki wima, nimeshika mrija usionifikia mdomoni.

Wakuu, nikawaomba, kwa heshima zote, wauinue mtungi.

Papa Furaha akaachia mrija wake, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mi sijaonaka mutu anaomba pombe ipande kwake," akasema polepole. "Donc, muzee, pombe yetu iko chini sana?"

Emanueli alikuwa ananitazama. Nikainama.

Pi, pi, pi.

Nikashtuka, nikainua kichwa, ikalia zaidi. Miaka ile watu wa mpakani tulishasikia milipuko ya kutosha, hakuna aliyesubiri maelezo. Mwanajeshi mmoja, jirani yao aliyealikwa, akaamuru tulale chini, akaninyang'anya kofia na kuitupa nyuma ya nyumba. Sherehe yote ikalala kwenye matuta ya maharagwe kando ya ua: mashangazi na mishanana yao, yale mavazi ya sherehe, Papa Furaha ameukumbatia mtungi.

Nyuma ya nyumba ndipo tulipomfunga ng'ombe wa mahari.

Kofia ilimwangukia miguuni, bado inalia. Akaikanyaga, akakata kamba, akaruka juu ya wageni waliolala na kushika njia ya mpakani. Jioni tukasikia ameingia Goma bila kuulizwa karatasi.

"Ngombe iko kwa ndugu zetu, haina shida," akasema Papa Furaha akijipangusa udongo. "Lakini huyu muzee, hapana. Mutuletee baba mwingine."

Wakapelekewa. Mjomba wa Emanueli, mkulima wa viazi kule Bugeshi, akaenda na ng'ombe mwingine. Nasikia aliinama mpaka pua ikagusa pombe. Siku ya harusi yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba, na mtoto wa kwanza alipozaliwa, yeye ndiye aliyempa jina.

Mechi? Nilicheza. Pigo la kwanza tu, nikainua kichwa. Tulifungwa vibaya.

Simlaumu Steven wala kofia. Ile kofia ilikuwa na swichi ya kuizima, pale pembeni, chini ya ukingo. Nilijua ipo.

Nilichojifunza ni kwamba mtoto akikuomba uvue kitu, vua kwanza, uliza baadaye. Na wewe kama una kofia yako, au simu, au chochote usichotaka kukivua, andika hapa chini. Nitasoma zote.

Emanueli hajawahi kunigombeza. Akija mjini hupita kunisalimia, huniletea sukari. Ila tangu siku ile Baba ni mjomba wake. Mimi ananiita Mzee.