Punguzo la Vanhala

Orysia Hnatiuk hakuwa mtu wa kubembelezwa. Miaka thelathini alikuwa mpishi wa shule hapa Saskatchewan, na ukichelewa foleni ulikula kilichobaki, uwe mtoto wa mwalimu mkuu au wa nani. Kwa hiyo mumewe Metro alipofariki mwezi wa tatu na kumwachia daftari la timu yake, hakuna aliyetarajia awe laini.

Timu yenyewe ni ya karatasi. Wazee wanane wa mji wetu, kila mmoja ana orodha ya wachezaji wa kweli wa hoki. Wao wakifunga huko kwenye barafu, mwenye orodha anapata pointi. Mishahara ya kikosi haitakiwi kuzidi dola milioni sabini. Ila kuna punguzo: mchezaji uliyemteua akiwa chipukizi, na hujamwacha hata msimu mmoja, anahesabiwa nusu. Metro alikuwa na mmoja tu wa hivyo, beki Eero Vanhala, aliyemchukua miaka tisa iliyopita watu wakimcheka. Kila Jumamosi mke na mume walikaa sebuleni kumtazama. Hata hospitalini, maneno ya mwisho ya Metro yaliyoeleweka yalikuwa swali: Vanhala kafunga?

Sasa timu ikibadili mmiliki, punguzo linakufa. Na kanuni hiyo aliitunga nani? Metro huyohuyo, kwa ubishi wake. Vanhala akapanda kutoka milioni nne hadi nane, kikosi kikapita kikomo. Inaruhusiwa kuacha mtu mmoja tu, na kumwacha mwingine yeyote kusingetosha kukirudisha kikosi chini ya kikomo.

Siku ya kuteua wachezaji wa msimu mpya, Septemba, walikutana ukumbi wa chini wa kanisa, mezani pierogi, viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Lorne Friesen, mshindani mkubwa wa Metro, akapendekeza wafumbe macho mara hii moja. Mikono saba ikapanda. Orysia akawaambia waishushe.

"Aliiandika kwa mkono wake," alisema. "Nikiivunja mwaka wa kwanza tu, nitakuwa nimerithi nini?"

Akamfuta Vanhala kwa rula, mstari mmoja, naye akarudi kwenye orodha ya wasio na timu, yeyote amteue. Akasukuma pembeni sahani ya pierogi alizopika mwenyewe.

Wa kwanza kuteua alikuwa Lorne, na miaka tisa yote alimmezea mate Vanhala. Akavaa miwani, akaisoma orodha weee, kisha akataja kipa mwenye goti bovu. Wa pili akataja kijana asiyejulikana na mtu. Raundi ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Orysia, ambaye kwa milioni nane hakuweza kumrudisha, akaanza kukasirika, akidhani wanamdharau beki wa Metro.

Raundi ya sita, ya mwisho, zamu yake ilipofika, Vanhala bado alikuwa pale. Ndipo akakumbuka kanuni nyingine ya mumewe: anayeteuliwa raundi ya mwisho anahesabiwa laki tano tu, apokee mamilioni mangapi, maana hakuna aliyemtaka.

"Lorne, mmepanga hili?"

"Shemeji, hatukusemezana hata neno. Wewe nionyeshe kanuni inayomkataza mtu kuteua vibaya."

Akalipekua daftari la Metro, lenye kanuni zote, ukurasa kwa ukurasa, maana ndivyo alivyo. Haikuwemo. Akalia waziwazi mbele yao, akajifuta kwa aproni, akaandika jina la Vanhala chini ya ule mstari wa rula. Halafu akamwambia Lorne kuwa kipa wake yule Oktoba haimalizi.