Nilimtia Mama Kabula Katika Mfano

Nimekosa, wasomaji wenzangu, wala sina wa kumsingizia.

Huwafundisha watu wazima Kiingereza hapa Tinde, alasiri, watokapo kazini. Siku ile tulisoma kitenzi rouse: kuamsha aliyelala, na pia kuamsha hasira, hofu au shaka iliyotulia moyoni. Nilieleza kwamba kitenzi hicho hudai kutajiwa kinachoamshwa. Kisha nikatafuta mfano ulio hai. Ole wangu!

Niliandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba macho mekundu ya Mama Kabula yaliamsha shaka. Mama Kabula alikuwa jirani yangu, mjane. Macho yake yaliharibiwa na moshi wa samadi kavu aliyopikia kwa kukosa kuni. Nilijua! Na nilijua macho ya namna hiyo yamewaponza vikongwe wangapi Usukumani, wakidhaniwa wachawi.

Masanja, mchimbaji aliyerudi kutoka Masumbwe baada ya duara lake, shimo alilochimba, kukosa dhahabu, aliacha kuandika.

"Kumbe na wewe mwalimu umemwona?"

"Ni mfano tu, Masanja."

"Mfano!" akadakia Mama Neema, muuza mchele. "Mbona hukumtaja mama yako?"

Darasa likaangua kicheko. Nami, lo, nikacheka nao!

Haukupita muda, Mama Kabula akanijia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watu wanapita kwangu bila salamu. Wanasema mwalimu kathibitisha. Kesho kuna mkutano wa kijiji juu yangu. Waambie ni moshi."

Nilimwahidi. Mkutanoni nikakaa nyuma, nimeinamisha kichwa, nikiogopa wangesema namtetea mchawi mwenzangu. Kinywa changu hiki, kisichochoka kufafanua vitenzi, hakikufunguka!

Asubuhi iliyofuata mlango wake ulikuwa wazi, kuku wakidonoa ndani. Hakuna aliyesema amekwenda wapi. Cha kutisha zaidi, hakuna aliyeuliza.

Jana Masanja alinisubiri nje ya darasa, akanong'ona:

"Mwalimu, na yule bibi wa karibu na kisima, unamwonaje?"

"Sijui lolote! Sikuwahi kujua lolote, hata juu ya Mama Kabula!"

Akatabasamu, akanibana mkono. "Tumekuelewa, mwalimu."

Ndugu unayeaminiwa unaposema, usimtie mtu aliye hai katika mfano wa ubaya. Na ukishamtia, simama siku hiyohiyo ukanushe mbele ya wote. Mimi sasa nakanusha kila siku, nao wanadhani nawaficha siri.