Maharimu wa Bibi

Bibi yangu mzaa mama alichagua mwaka wa kwenda Hija jinsi alivyochagua nyanya sokoni: alibonyeza, akarudisha, akalalamika. Miaka ile ya hamsini Hija ilizidi kusogea kwenye joto kali la Uarabuni, na Bibi alikuwa amekaa kwenye baridi ya Nakuru hadi akalisahau jua la Lamu alikozaliwa. Akasema atangoja mpaka irudi kwenye miezi ya baridi. Mama akamwambia hapo atakuwa na miaka tisini. Bibi akamnunia, kisha akaamua: ni mwaka huu.

Ndipo masharti yalipoanza. Wakala wa meli alisema inatakiwa pasipoti, chanjo ya ndui, chanjo ya kipindupindu, na kwa mwanamke, maharimu wa kufuatana naye, yaani mwanamume asiyeweza kumuoa.

"Kwa umri huu nani ataniposa?" Bibi akafoka. "Hata klabu ya wazungu haina masharti hivi!"

Mumewe alikwisha kufa, ndugu wa kiume hakuwa naye, na mtoto alikuwa mmoja tu, mama yangu; mimi nilikuwa bado mdogo. Maharimu akabaki mkwewe, yaani baba yangu.

Sasa Baba alikuwa mtu wa Mumias, fundi wa reli, Mwislamu wa kuswali na kufunga, lakini mila za kwao hakuziacha. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hampi mkono. Bibi akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, Baba alitoka kwa ule wa jikoni. Siku moja alinaswa chooni, akakaa humo mpaka Bibi akamaliza birika zima la chai. Bibi alijua yumo. Aliongeza vikombe makusudi.

Baba alikataa katakata kupanda naye meli. Mama alimsihi, akamlilia, wapi. Miguu ya Bibi ilikuwa inavimba, na sote tulijua hakuna mwaka mwingine wa kuchagua.

Siku ya pasipoti tulikwenda ofisini watatu: Bibi, Mama na mimi.

"Na huyo mwanaume wa kusafiri na huyu mama ako wapi?" karani akauliza.

Mara sauti ya Baba ikatoka barazani. "Niko hapa."

"Si uingie basi, bwana?"

"Naweza jibu nikiwa huku nje."

"Hapana. Lazima niwaone wote wawili."

Baba akaingia, kofia kaishusha mpaka puani, jasho linamchuruzika. Akasimama kando ya Bibi, macho sakafuni.

"Huyu ni mama mkwe wangu," akamwambia karani. "Nitaenda na yeye. Akichoka, nitambeba."

Bibi alikuwa amemcheka miaka yote. Yeye hujifunika uso mbele ya wanaume wageni tu, na Baba hakuwa mgeni. Lakini siku ile alivuta buibui lake taratibu, akaufunika uso wote, ili mkwewe apate pa kutazama.