Jirani Niliyezitafutia Violeti

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kusema. Nyumba niliyojenga na watoto niliosomesha vimetoka kwa viazi nilivyouza sokoni Kisumu, havikutoka kitabuni. Kwa hiyo nikikuambia jambo kuhusu maua, usidhani nimelisoma mahali. Nililiona kwangu, dirishani.

Violeti nilipewa na mama mmoja Mhindi, mke wa mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nikimpelekea viazi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya sitini wenzake wengi walikuwa wanafunga mizigo kwenda Uingereza, na zamu yake ilipofika aliniita jikoni akanionyesha mikebe yenye mimea mifupi, majani yana manyoya kama sikio la mwanambuzi, maua ya zambarau. Akanifundisha. Usimwagie maji juu, jani litapata madoa. Weka maji kwenye sahani, mmea unywe kutoka chini. Jua la asubuhi tu, tena lipite kwenye pazia jepesi. Na la mwisho, usiiache peke yake. Itafutie mimea mingine ya kukaa nayo, ili hewa ya hapo iwe na unyevu.

Nilikuwa nakaa Kondele, vyumba viwili vya kupanga, dirisha linatazama mashariki. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo, Kisumu kwenda Mwanza na kurudi. Sisi ni watu wa Mkoa wa Kati, tulikuja kutafuta riziki, na mila za watu wa ziwa hatukuzijua. Kwa nini nisiseme? Hata wao zetu hawakuzijua.

Basi nikaanza kuzitafutia violeti jirani. Kwanza nilichimba kando ya mfereji yale majani mapana kama manyoya ya jogoo. Yalitaka maji kila saa, nikayamwagia, na violeti zikaoza mizizi. Nikaleta yale majani magumu yanayosimama wima, yenye mistari kama nyoka. Hayo hayakuomba chochote, lakini yalikua marefu yakazuia mwanga. Jirani mzuri wa violeti ni yule anayependa kivuli kama yeye, asiyenyang'anya mwanga wala kutaka kuoga maji. Hilo nililijua kwa hasara.

Siku moja nilikwenda Otonglo kununua kuku. Juu kidogo ya barabara, kwenye mawe, niliona mmea unatambaa, majani ya mviringo, manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Nikasema huyu ndiye. Nikakata vipande. Mwanamke aliyeniuzia kuku aliviona, akakiondoa kikapu chake karibu na changu. Nikamuuliza kama vina sumu. Akasema hapana, si sumu.

Nilivipanda kwenye mkebe kando ya violeti, nazo zikachanua jinsi nisivyowahi kuona. Mmea ule ulikaa nazo kwa adabu kwa muda, halafu ukaanza safari. Mmea wowote hufuata mwanga, au sivyo? Huu uliacha dirisha. Ulipita ukutani, upande wa giza, ukafika kwenye picha ya mume wangu amevaa nguo za kazi, ukaizunguka fremu. Niliushusha, nikaurudisha dirishani. Baada ya juma moja ulikuwa pale tena. Nikaona heri niuache, unapamba.

Wakati huo mume wangu alikuwa safarini, na siku zake za kurudi zilikuwa zimepita. Sikushtuka. Meli huchelewa.

Jirani yangu alikuwa mama mzee, muuza samaki, tuliyezoea kunywa chai pamoja asubuhi. Alikuwa amekwenda kijijini kuzika, akakaa huko kitambo. Aliporudi aliingia kwangu na mzaha wake wa kawaida, kwamba sisi watu wa viazi tunakula udongo. Akafika katikati ya chumba, akaona picha. Akavua viatu.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "umepata habari lini?"

"Habari gani?"

Alikaa sakafuni, na kiti kipo. Chai hakuigusa. Nilipomsukuma sana aliniambia kwamba ule mmea ndio ambao waombolezaji wa kwao hujifunga kichwani na mabegani, siku wanapokimbiza ng'ombe porini kufukuza kifo kutoka kwenye boma. Hakuna anayeuweka ndani ya nyumba. Hakuna hata anayeuchuma bure, bila kufiwa. Nikamwambia nimeutafuta kwa ajili ya maua. Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya kumwangalia mtu ambaye bado anakataa.

Siku iliyofuata wanawake walikuja. Mmoja na unga, mwingine na kuni, na hakuna aliyebisha hodi. Waliketi chini ukutani wakaongea kwa sauti ya chini, na nilipoingia walinipisha nafasi katikati yao. Nilikwenda bandarini kuuliza. Karani alisema meli ilitoka Mwanza na haijafika, na hawana habari zaidi. Aliposema hivyo hakuniangalia usoni.

Mimi si mtu wa kuogopa. Lakini niliporudi nikakuta wale mama wameshaanza kuimba polepole, wimbo nisioujua maneno yake, na nikasikia mdomo wangu unaufuata. Hapo ndipo nilipotaka kuung'oa ule mmea. Mama mzee alinishika mkono.

"Wewe usishike. Ukitoa wewe, umemzika. Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu. Mimi pia sijui."

Nikangoja. Kuna mtu aliyesoma ambaye angefanya lingine?

Alikuja asubuhi, jua limeshatoka, na mfuko begani na ndevu ambazo hazikuwepo. Mtambo ulikuwa umewafia katikati ya maji, wakasukumwa na upepo hadi visiwa wasivyokusudia. Mimi nilikuwa ndani na wale wanawake. Alisimama mlangoni akatoa salamu. Hakuna aliyeitika. Walimtazama kisha wakatazama chini, kama mtu hajafika. Nikaanza kuinuka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama mzee aliinuka akamwambia, "Baba, simama hapo hapo. Usiingie." Akauvuta ule mmea wote ukutani, akautoa na mizizi kwenye mkebe, akamvika mabegani. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Alinitazama mimi, anangoja nikatae.

"Vaa," nikamwambia. "Na ukimbie."

Mama mzee akamwelekeza uwanja wa chini, akamwambia akimbie mpaka mwisho wake, autupe mmea huko, arudi kwa njia nyingine bila kugeuka. Akakimbia, mtu mzima, na viatu vya kazi. Wanawake walitoka nje wakampigia kelele nyuma, lakini hakuna aliyevuka mlango wa ua.

Aliporudi, mama mzee aliushika mkono wake kwa muda mrefu, akiubonyeza kama anavyobonyeza samaki kujua kama ni wa leo. Ndipo akacheka, akamwita mla udongo, na wote wakamsalimia mmoja mmoja.

Alipokula akashiba aliniuliza ni nani aliyetumwa kumfuata uwanjani. Nikamwambia hakuna. Akasema alisikia miguu nyuma yake njia yote, na alipoutupa ule mmea, miguu ilisimama pale, na mtu akainama kuuokota.

"Uligeuka?"

"Niliambiwa nisigeuke."

Aliendelea na kazi ya meli miaka mingi baada ya hapo. Lakini kila aliporudi kutoka safari hakuingia ndani mwenyewe. Alisimama mlangoni, kimya, na mfuko wake begani, akingoja nimsalimie kwanza.