Pakiti Kubwa Zilizokataliwa

Kilichonishtua kwanza ni mlio wa betri ya akiba. Umeme ulikuwa umekatika katika maabara yetu ya Lubumbashi, wakati mwenzangu wa utafiti, aliyekuwa katika mji wa mashariki uliokaribia kutekwa, akinitumia vipimo vyetu vyote kabla hajakimbia.

Kama desturi yetu, tulizima mashine na kuchomoa nyaya zote, ili umeme usiziunguze utakaporudi. Uliporudi tukachomeka. Taa za kebo ya kasi ziliwaka, pakiti ndogo za majaribio, yaani vipande vidogo vya data, zikafika, lakini vipimo havikuja. Nilimshuku mwenzangu wa mashariki, kisha mtandao wa nchi nzima, kisha vita.

“Mama dokteri, unaloga mashini ao unaitengeneza?” mwanafunzi mwenzangu alinitania.

Sikuinuka. Nilisoma hesabu za kadi ya mtandao, mstari kwa mstari: kila pakiti kubwa ilifika na kukataliwa. Kuzimwa kwa mashine kulikuwa kumerudisha kikomo kidogo cha awali cha ukubwa wa pakiti. Nilikipandisha.

Lakini mashine ya mwenzangu kule mashariki ilikuwa imekwisha kukata tamaa na kuacha kutuma. Hakuna hesabu ambayo ingeniambia kama mwenyewe bado yupo. Nikampigia simu, nikimwita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa.

“Yaya, uko? Anza kutuma tena.”